Duka langu la Mbarara halionekani Google, nifanyeje?

SWALI

Dada Mshauri, pokea salamu kutoka Kampala.

Nauza pampu za maji za sola, paneli, betri na mabomba. Duka la kwanza liko hapa Kampala, katikati ya mji, ndani ya jengo la maduka, haya tunayoyaita akedi. Baadaye tulifungua Jinja, na mwisho Mbarara. Mafundi wangu wakiitwa huenda pia Masaka na Fort Portal kufunga pampu, ila huko hatuna duka. Tovuti tunayo. Mpwa wangu aliitengeneza alipomaliza chuo: kuna ukurasa wa mwanzo, ukurasa wa bidhaa, na ukurasa wa mawasiliano wenye maduka yote matatu, moja chini ya jingine.

Shida ni kuonekana. Nikitumia kompyuta ya dukani nikaandika "solar pump Kampala", kuna siku tunatokea juu kabisa, kuna siku hatupo, na kuna siku naletewa maduka ya Uholanzi. Meneja wa Jinja anasema yeye hatuoni hata akitafuta akiwa kwenye kaunta yetu. Mbarara ndiyo imenichosha. Kuna kijiduka kimoja huko, kibao chake kimeandikwa kwa brashi, na kila anayetafuta pampu anaoneshwa hicho kwanza.

Mwezi uliopita alikuja mzee kutoka Isingiro. Alipanda basi la usiku, akafika asubuhi, akanunua pampu na paneli mbili, akalipa taslimu. Vijana wakiwa wanamfungia mzigo, karani akamwambia, "Mzee, siku nyingine usijisumbue, nenda tu duka letu la Mbarara." Yule mzee akakaa juu ya boksi la pampu, akamtazama karani, akauliza, "Mbarara gani? Hiyo niliyoipita usiku?" Akatoa simu akatuonyesha alichokipata alipotafuta. Ni duka la Kampala peke yake. Nauli ya mzigo nilimlipia mimi, lakini dada, nilitamani ardhi ipasuke.

Mpwa wangu amekuja na mpango. Anataka tutengeneze kurasa arobaini, kila wilaya na ukurasa wake, maneno yaleyale ila jina la wilaya libadilike. Anataka jina letu kwenye ramani ya Google liongezwe maneno ya "pampu bora bei nafuu Mbarara". Masaka na Fort Portal anasema tuwaombe marafiki tuweke pini kwenye nyumba zao. Na kila mteja atakayetupa nyota tano tumtumie bando. Upande wa pili kuna kampuni inataka shilingi milioni 3, na inaniahidi kwa maandishi kwamba tutakuwa namba moja katika miji yote mitano.

Kuna jambo jingine. Duka la Jinja kwenye Google lilifunguliwa na kijana aliyekuwa mfanyakazi wetu, kwa Gmail yake. Aliondoka, na simu zetu hapokei.

Nimfuate nani, mpwa au kampuni?

Mwenye Pampu, Kampala

JIBU

Kaka Mwenye Pampu, salamu zimefika.

Kabla hujamfuata yeyote, zima VPN, ile programu inayopitisha intaneti yako kwenye mashine ya nchi nyingine. Maduka ya Uholanzi ndiyo yaliyoniambia. Watu wengi Uganda walianza kuitumia mwaka 2018 kwa sababu ya ile kodi ya shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii, kisha Januari 2021 Facebook ikafungwa na VPN ikawa mkaazi wa kudumu kwenye simu na kompyuta zetu. Ukiwa nayo, Google inaona unatafuta kutoka kule iliko mashine ya VPN. Simu iliyoruhusiwa kutoa eneo lake inaweza kujitetea kidogo, lakini kompyuta ya dukani haina GPS, inategemea sana anwani ya intaneti. Kwa hiyo zile siku unazotokea, unazopotea na unazopelekwa Ulaya huenda hazisemi chochote kuhusu hali ya duka lako.

Hata bila VPN kuna tatizo la kwetu ambalo washauri wa nje hawalijui. Intaneti ya simu mara nyingi husomeka kana kwamba mtumiaji yuko Kampala, kwa kuwa mitambo ya kampuni za simu iko huku, hata kama mwenyewe amesimama katikati ya migomba yake Isingiro. Mzee wako kama alikuwa amezima eneo kwenye simu kisha akaandika "solar pump" bila jina la mji, Google ilimdhania mtu wa Kampala na ikampa duka la Kampala. Haikukosea sana. Ilikosa ushahidi wa kumpa la Mbarara.

Shikilia neno hilo ushahidi, maana jibu langu lote liko hapo. Mteja wa mkoani anakufikia kwa njia mbili. Kuna ramani, inayotazama mtu yuko wapi. Na kuna kurasa za kawaida chini ya ramani, ambazo husaidika zaidi pale mtu anapotaja mji: "pampu za sola Mbarara". Kote kuwili duka lako la Mbarara halina kitu cha kujieleza. Kwenye tovuti ni mistari mitatu ndani ya ukurasa wa mawasiliano, na kwenye ramani sijui kama lina hata picha ya mlango.

Kuhusu ramani, Google imeeleza hadharani kwamba inapima mambo matatu: biashara inalingana kiasi gani na kinachotafutwa, iko umbali gani na anayetafuta, na inajulikana kiasi gani. Imeeleza pia kwamba nafasi hiyo hainunuliwi. Katika hayo matatu, umbali huna la kuufanya. Duka la Kampala halitatokea juu kwa mtu aliyesimama High Street ya Mbarara, na Desemba 2021 Google ilipofanya marekebisho, wanaofuatilia mambo haya waliona umbali umepewa uzito zaidi ya zamani. Kile kijiduka cha brashi usikidharau. Kipo palepale, pini yake iko sawa, simu yake inapokelewa, na watu wa Mbarara wamekiandikia maoni.

Kampala nako una shida yake, ya akedi. Tangu Septemba 2016 Google ikikuta biashara kadhaa za aina moja ndani ya jengo moja, mara nyingi huonyesha moja au mbili na kuzificha nyingine mpaka mtu avute ramani kwa karibu. Jengo lako linaweza kuwa na wauza sola sita, na wote wameandika anwani moja bila namba ya duka. Weka namba ya duka na ghorofa, vuta pini ikae juu ya mlango wako badala ya katikati ya paa, na uchague aina ya biashara inayokuelezea hasa. Wengi wao watakuwa wamechagua duka la vifaa vya umeme. Wewe Kampala ukiwa muuzaji wa pampu kwanza na sola pili, tayari umetoka kwenye foleni yao. Saa za kufungua nazo ziandike kweli, pamoja na Jumapili na sikukuu kama 3 Juni na 9 Oktoba. Tangu mwishoni mwa 2023 inajulikana kwamba duka lililo wazi wakati mtu anatafuta hupewa nafasi nzuri kuliko lililofungwa. Ila usidanganye kwamba mnafungua saa 24, maana akedi ikifungwa usiku askari wa getini hatamfungulia mteja wako.

Sasa kurasa arobaini. Kaka, huo ndio ushauri mbaya kuliko yote uliyopewa, na najua mpwa wako hakuutoa kwa nia mbaya, amewaona wengine wakifanya. Kurasa zinazofanana, zilizobadilishwa jina la mji tu, zote zikimpeleka mtu kwenye duka lilelile, Google imezitaja kwa jina katika kanuni zake dhidi ya ulaghai. Huenda hata usiadhibiwe. Mara nyingi zinapuuzwa tu, unabaki na kurasa arobaini zisizosomwa na bei za zamani ambazo hakuna mtu wa kuzibadilisha. Na mteja wa Kitgum atakayebahatika kuupata ukurasa wa Kitgum atapiga simu, aambiwe aje Kampala. Huyo hatapiga tena.

Wewe unahitaji kurasa tatu nzuri. Moja kwa kila duka, ndani ya tovuti hiihii. Mtu akikwambia ununue jina jingine la tovuti kwa kila mji, mkatalie, maana kila tovuti mpya inaanza kujulikana kutoka sifuri. Mwisho wa anwani wenye ".ug" unasaidia Google kujua wewe ni wa Uganda, haumwambii mtu kama ni Jinja au Mbarara. Kazi hiyo inafanywa na ukurasa wenyewe.

Tuutengeneze wa Mbarara hapa, wa Jinja mpwa ataiga utaratibu, si maneno. Kichwa cha ukurasa kitaje kitu na mji: pampu za maji za sola Mbarara, kisha jina lenu. Chini yake mahali mlipo, kama mtu wa Mbarara anavyoelekeza mgeni: barabara gani, mkabala na kituo gani cha mafuta, ukishuka kwenye stendi unaambia boda ikupeleke wapi. Ongeza Plus Code, ule msimbo mfupi unaoupata ukibonyeza pini kwenye Google Maps. Kwa nchi yenye barabara nyingi zisizo na namba za nyumba, msimbo huo unamfikisha mtu mlangoni, na unaweza kuutuma WhatsApp. Halafu namba ya simu ya duka lile, ipokelewe na mtu aliye pale. Ukiweka namba ya Kampala kila mahali, mteja wa Mbarara atajibiwa na karani asiyejua kama pampu ipo stoo ya kule au haipo.

Halafu maelezo, na hapa ndipo ukurasa unapopata uhai. Mbarara unauzia nani? Wafugaji. Maji yanatolewa kwenye kisima au kwenye yale mabwawa ya kuchimbwa ya kunyweshea ng'ombe, yanapandishwa mlimani mpaka kwenye tangi. Mteja wa kule hakuulizi "ni pampu nzuri?" Anakuuliza itapandisha maji mita ngapi kwenda juu, na kwa siku itatoa lita ngapi. Jinja ni habari nyingine kabisa: maji ya mto na ya ziwa yako karibu, mwinuko mdogo, wakulima wa mboga na wenye mabwawa ya samaki, na wengi wanataka pampu ya kukaa juu ya ardhi, si ya kuzamisha kisimani. Kwa hiyo ukurasa wa Mbarara uandikwe kwa namna hii:

"Duka letu la Mbarara lina pampu za kuzamisha za visima virefu, na pampu za kutoa maji kwenye bwawa la mifugo. Kabla hujanunua, tupigie utuambie kina cha kisima, tangi liko juu kiasi gani, na una ng'ombe wangapi. Fundi wetu wa Mbarara huenda Isingiro, Kiruhura na Ntungamo. Kiangazi cha Juni hadi Agosti watu huwa wengi, kwa hiyo panga siku ya kufungiwa mapema."

Ufute majina ya miji katika aya hiyo ujaribu kuipachika kwenye ukurasa wa Jinja. Haikai. Mpwa apime kila aya kwa jaribio hilo, na ikikaa popote aiandike upya.

Picha nazo ziwe za Mbarara: mlango ukiwa unaonekana kutoka barabarani, rafu, fundi akishusha pampu kisimani. Zile za paneli zinazong'aa kwenye nyasi za Ulaya zitoe. Na uzipunguze ukubwa kabla ya kuzipandisha, kwa sababu mteja anafungua kwa bando ambalo tangu Julai 2021 lina kodi ya asilimia 12 juu yake, hawezi kusubiri picha ya megabaiti sita. Lugha iwe Kiingereza kwa sehemu kubwa, maana watu wetu wengi ndivyo wanavyotafuta, ila ukiwa na wateja wanaovuka mpaka au wa Arua, kipande cha Kiswahili hakitakuharibia.

Yaliyobaki ni kazi ya fundi wa tovuti, nayasema haraka. Ukurasa wa mwanzo uwe na viungo vya kwenda kwenye maduka yote matatu, vinavyoonekana. Kila ukurasa wa duka uwe na msimbo wa LocalBusiness wa schema.org, yaani maelezo ya nyuma ya ukurasa yanayosomwa na Google, wenye anwani, simu na saa za duka hilo tu. Na kila duka kwenye ramani ya Google liunganishwe na ukurasa wake lenyewe. Hili la mwisho ndilo watu wanalosahau: maduka yote matatu yanaunganishwa na ukurasa wa mwanzo, halafu wanashangaa mteja wa Jinja anaishia kupiga simu Kampala.

Jina kwenye ramani liwe lile lililoandikwa kwenye kibao chako, basi. Kuongeza "bora bei nafuu Mbarara" ni kuvunja kanuni, na jirani yako mwenye kijiduka anaweza kukuripoti kwa kubonyeza mara mbili tatu. Ukisimamishwa unatoka kwenye ramani kabisa, pengine katikati ya kiangazi, na kurudi ni maombi na kusubiri.

Nyumba za marafiki Masaka na Fort Portal, hapana. Pini inatakiwa pawe na watu wako wanaohudumia wateja saa ulizoandika. Mtu akisafiri na pesa mfukoni akakuta mke wa rafiki yako anaanika nguo, hilo ni tatizo kubwa kuliko Google. Unachoruhusiwa ni kutaja maeneo mnayohudumia kwenye duka mlilo nalo, hadi maeneo 20, na mpaka wake kwa ujumla usizidi mwendo wa kama saa mbili kwa gari kutoka hapo dukani. Masaka unaweza kuiweka chini ya Mbarara. Fort Portal iko mbali kupita kiasi hicho, iache. Na usitarajie makubwa: kutaja eneo hakukupandishi huko, kunamweleza tu mteja kwamba mnafika. Kitakachokusaidia Masaka na Fort Portal ni ukurasa mmoja mmoja wa kazi mliyoifanya kweli: shamba liko upande gani, maji yalikuwa wapi, mlifunga pampu gani, ilichukua muda gani, picha za siku ile, na neno la mwenye shamba akikubali. Mkiwa hamjafunga hata pampu moja ya kuandikia, basi ukurasa usubiri.

Jinja na yule kijana. Usifungue duka jipya kwenye ramani juu ya lile la zamani, utakuwa na mawili yanayogombana, na maoni ya wateja yatabaki kwenye lile usilolishika. Lifungue lililopo, bonyeza sehemu ya kudai biashara, omba umiliki. Ombi linamwendea yeye, ana siku 3 za kujibu. Akinyamaza, Google inaweza kukupa nafasi ya kuthibitisha mwenyewe. Siku hizi uthibitisho mara nyingi ni kwa video, na hapa wengi wanakataliwa kwa kutojua kinachotakiwa. Video iwe moja, isiyokatwa wala kuhaririwa, isipungue sekunde 30. Anza nje: barabara, duka la jirani, kibao chako. Kisha chukua ufunguo ufungue mlango wewe, ingia, onyesha pampu kwenye rafu, kaunta, leseni ya biashara ya mwaka huu ukutani. Kufungua mlango kwa ufunguo kunaonekana kama mchezo, lakini ndicho kinachoonyesha wewe ni mwenye duka, si mpita njia. Usirekodi sura za wateja.

Ukishalipata, mmiliki awe barua pepe ya kampuni, ambayo nenosiri lake unalo wewe. Meneja wa Jinja mpe umeneja tu. Akiondoka unamtoa, duka linabaki. Fanya hivyo Mbarara na Kampala pia, leo, wakati bado mnaelewana na wafanyakazi wote.

Bando kwa nyota tano, hapana pia. Google inakataza kutoa zawadi kwa maoni, na maoni ishirini yanayoingia siku moja, yote "good service", yanajulikana hata na mtoto. Mnayo nafasi nzuri kuliko hiyo. Fundi akimaliza kufunga, kuna dakika ile maji yanapoanza kutoka bombani na mwenye shamba anatoa simu yake apige picha. Fundi asimame hapohapo amtumie kiungo cha maoni kwa WhatsApp, cha duka lililomhudumia, amwambie aandike alichokiona na aweke ile picha. Asimwombe nyota tano, amwombe maoni. Mmoja atalalamika, mjibu kwa adabu na umweleze mtakavyorekebisha; wanaosoma malalamiko husoma na majibu. Aliyeandika Kirunyankole ajibiwe Kirunyankole, meneja wako wa kule hashindwi. Kumbuka maoni hayahami: mia ya Kampala hayaipi Mbarara hata moja.

Kampuni ya milioni 3 waulize swali moja tu: dhamana hiyo mmeipata wapi, ikiwa Google yenyewe imeandika kwamba hakuna anayeweza kumhakikishia mtu nafasi ya kwanza? Kisha uwape soda waende. Kwa sehemu ndogo ya pesa hiyo unaweza kutengeneza kibao kizuri Mbarara na kumlipa mpiga picha wa siku moja kwa kila duka. Zitakazobaki tafuta mahali pa kutajwa na watu wa hapo. Kila mwaka Jinja kuna maonyesho ya kilimo ya taifa. Ukishiriki, hakikisha jina na tovuti yenu vimeandikwa panapoorodheshwa washiriki. Shule mliyoifungia pampu ikiwa na tovuti, iombeni iwataje. Kiungo kimoja cha namna hiyo nakithamini kuliko mia vya kununua. Pitia pia sehemu mlikokwisha kujiandikisha, iwe soko la mtandaoni la Jiji, mtambo wa kutafuta wa Bing au ramani ya OpenStreetMap, mtoe anwani na namba za zamani. Maandishi "Ltd" yakikosekana sehemu moja si neno. Namba ya simu isiyopokelewa ndiyo hasara.

Utajuaje kama imesaidia? Usijitafute mwenyewe kila asubuhi. Search Console, chombo cha Google cha wenye tovuti, ni bure: chagua ukurasa wa Mbarara uone maneno yaliyouleta na mara ngapi umebonyezwa. Kwenye ramani, kila duka lina takwimu zake za waliopiga simu na walioomba kuelekezwa njia. Mpwa aongeze alama ya kufuatilia kwenye kiungo cha kila duka ili wanaotoka kwenye ramani wasichanganyike na wengine. Ukitaka kujiona kwa macho, mpigie meneja, azime VPN, awashe eneo, atafute kwa dirisha la faragha akiwa dukani, kisha atafute tena akiwa Ruti au Kakoba. Atashangaa majibu yanavyobadilika ndani ya mji mmoja. Na makarani wawe na daftari la kumwuliza kila mteja ametujuaje. Usihukumu kwa wiki mbili, kurasa mpya huchukua miezi.

Kwa hiyo mpwa au kampuni? Mpwa, lakini kwa kazi tofauti na aliyopanga. Wiki hii ombeni umiliki wa Jinja, rekebisheni pini na aina ya biashara Kampala. Kisha mpandishe basi la Mbarara na simu yenye kamera nzuri, akae dukani siku mbili tatu, aandike maswali ambayo wateja wanauliza kwa maneno yao, atoke na fundi shambani mara moja. Akirudi atakuwa na ukurasa. Video ya Jinja ikikataliwa, usiirudie haraka haraka. Soma sababu waliyokupa, rekodi nyingine, na ikikataliwa tena niandikie uniambie hasa ujumbe wao ulisemaje.